Kupima pafyumu ya matunda na maua kabla ya kuivaa mchana wa joto

Juzi mdogo wangu aliniletea sampuli tatu akaniambia, "Dada, nichagulie moja ya kuvaa mchana, maana joto hili limenishinda." Zote zilikuwa za matunda na maua. Sikumchagulia. Tulizipima pamoja kwa siku nne, kwa utaratibu ninaoutumia tangu niliponunua chupa nzima ya pichi na yasmini ndani ya duka lenye kiyoyozi. Dukani ilinukia vizuri mno. Siku ya kwanza nilipoivaa juani, kufika saa 6 mchana harufu ilikuwa imegeuka shira nzito shingoni, kichwa kinagonga, na aliyekaa kando yangu garini ameshusha kioo bila kusema neno.

Hatua ya 1: Pata sampuli ya kupuliza

Mililita 2 zinatosha. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo una mipulizo kama 20. Zile sampuli za kupaka kwa kijiti sizitaki kabisa. Zinaacha doa dogo mahali pamoja, na huwezi kujua pafyumu itatawanyika vipi ikivaliwa inavyovaliwa.

Hatua ya 2: Anza na karatasi, lakini usiamue hapo

Puliza kwenye kipande cha karatasi isiyo na harufu, andika jina na saa, subiri pombe ikauke, ndipo unuse. Karatasi ni ya kuondoa zile usizozipenda tangu mwanzo. Kuchagua ni baadaye.

Hapa watu wengi hunaswa na tunda. Harufu za tofaa, pea na ndimu hutokana na viambato vyepesi vinavyoruka haraka. Mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30 vimekwisha, na kwenye joto huruka mapema zaidi. Ukinunua kwa sababu ya pea ile ya kwanza, umenunua nusu saa. Lakini matunda hayalingani. Harufu za pichi na nazi hutengenezwa kwa laktoni, viambato ambavyo ni vizito na hung'ang'ania ngozi. Laktoni ya pichi ndiyo iliyoipa sifa Mitsouko, pafyumu ya Guerlain ya mwaka 1919, na pafyumu ile haikusifiwa kwa wepesi. Rasiberi nayo hukaa sana. Basi unaposoma orodha ya matunda kwenye maelezo ya pafyumu, jiulize kila tunda ni la kupita au la kubaki.

Iache karatasi hadi asubuhi, kisha uinuse tena. Kilichobaki ndicho utakachotembea nacho alasiri. Ukikuta sukari iliyoyeyushwa, ile inayokaribia kuungua, kuna uwezekano mkubwa ni ethili maltoli, kiambato kilichovuma tangu Angel, pafyumu ya Thierry Mugler ya mwaka 1992. Jioni yenye ubaridi naipenda. Mchana wa jua, kwangu mimi, hiyo inatoka kwenye mashindano papo hapo.

Hatua ya 3: Hamia kwenye ngozi

Oga kwa sabuni isiyo na harufu. Mpulizo mmoja ndani ya kiwiko, pafyumu moja kila mkono, basi. Usichague kifundo cha mkono kwa sababu utanawa. Usisugue. Na kama ina mafuta ya bergamoti (tunda la jamii ya ndimu) au ndimu, ifunike kwa nguo: baadhi ya mafuta hayo yana viambato ambavyo vikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya kudumu muda mrefu.

Hatua ya 4: Toka nje ukae na joto

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu, kwa hiyo nivumilie.

Joto linafanya mambo mawili kwa pamoja. Linaharakisha kuruka kwa vile vyepesi, na linavipa nguvu vile vizito ambavyo kwenye ubaridi vingelala chini. Kwa hiyo uwiano wa pafyumu unabadilika: tunda linakimbia, maua yanapanda, na kilicho chini ya maua kinajitokeza kabla ya wakati wake. Ndiyo maana kupima ndani ya kiyoyozi ni sawa na kupima pafyumu nyingine kabisa. Tembea nje angalau dakika 20, utoke jasho kidogo. Nusa baada ya nusu saa, kisha saa mbili, kisha saa nne, na kila mara andika maneno mawili au matatu. Usitegemee kumbukumbu.

Saa ya pili, sikiliza maua. Yasmini na maua mengine meupe yana indoli kiasili, kiambato chenye harufu nzito. Ikiwa kidogo, ua linakuwa na uhai. Ikizidi kwenye mwili wenye joto, linanuka kama ua lililokaa siku tatu kwenye maji. Pafyumu nyingi nyepesi hutumia Hedione, kiambato cha maabara kinachonukia kama yasmini yenye hewa ndani yake, kilichojulikana kupitia Eau Sauvage, pafyumu ya Dior ya mwaka 1966. Ukisikia yasmini iliyo wazi, kama dirisha limefunguliwa, hiyo ni dalili njema kwa mchana. Angalia pia zenye blakikaranti: kwenye karatasi ni tunda chachu la kupendeza, lakini kwenye jasho, kwa baadhi yetu, linageuka mkojo wa paka. Hakuna namna ya kulijua hilo bila kutoka nje.

Sasa shida yenyewe. Pua yako inachoka. Harufu ikikaa nawe, ubongo unaacha kuishughulikia, na wewe unadhani imekwisha. Zaidi ya hapo, kuna aina za miski ambazo watu wengine hawazisikii kabisa, na pafyumu nyingi za aina hii zimejengwa juu ya miski. Nilikuwa na moja niliyoamini inaisha baada ya saa moja. Nikawa naongeza mipulizo, saa 4, saa 6, saa 8, kwa wiki mbili, hadi mwenzangu wa kazini aliponivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba ananisikia tangu mlangoni. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nawakera watu ninaowaheshimu bila kujua.

Kwa hiyo usijipime peke yako. Tafuta mtu mmoja mkweli, na usimuulize "inanukia vizuri?" maana atakujibu "ndiyo". Muulize: "Unaanza kunisikia kutoka umbali gani?" Msogee hatua kwa hatua. Kwa mchana wa joto nataka anisikie akiwa kwenye urefu wa mkono, asizidi hapo. Rudia swali hilohilo saa ya nne.

Na zile punje za kahawa za kunusa kati ya pafyumu moja na nyingine, ziache. Hazisaidii kuliko hewa ya kawaida. Pumzisha pua nje, dakika kumi.

Hatua ya 5: Usidanganywe na maandishi ya chupa

Wengi husema kwa joto chukua Eau de Toilette, uache Eau de Parfum. Ni kweli ya kwanza kwa kawaida ina kiwango kidogo cha manukato, lakini mara nyingi hizo mbili zimetungwa tofauti, na Eau de Toilette yenye vanila na pachuli (majani yenye harufu nzito ya udongo) chini itakuchosha kuliko Eau de Parfum ya maua na miski safi. Amini maandishi yako ya saa ya nne.

Hatua ya 6: Siku moja kamili

Iliyobaki ivae siku ya kawaida ya kazi, mipulizo miwili: mmoja kifuani chini ya nguo, mmoja nyuma ya shingo. Nguo nyeupe usiipulizie, inaweza kuacha doa.

Mdogo wangu alikuja na mapenzi yake kwa ile ya rasiberi. Siku ya pili aliiandikia "tamu, nzito, kiu", na mume wake aliisikia kutoka chumba cha pili. Ya pea na waridi ilikuwa imetoweka kabisa saa ya pili, hata kwa pua yangu na ya mumewe. Ikabaki ya tatu, tofaa bichi na yasmini, ambayo siku ya kwanza aliiita ya kawaida mno. Saa 9 alasiri, juani, aliinua mkono akanusa kiwiko, akanyamaza, akanusa tena. "Dada, bado ipo. Na bado ni baridi."

Amenunua chupa ndogo kuliko zote, na anaiweka kabatini, mbali na dirisha.