Kuendesha kitalu nyumba cha chuo kikuu na kuuza miche yake, hatua kwa hatua

Kitalu nyumba cha chuo kikuu hutumikia watu wasiofuata kalenda moja. Mwanafunzi hufuata mwaka wa masomo, ambao kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kuishia Julai, ilhali mkulima anayekuja kununua miche hufuata mvua. Nimesimamia kitalu cha namna hii mjini Morogoro kwa misimu kadhaa, na sehemu kubwa ya hasara tulizopata ilitokana na kusia mbegu kwa kufuata ratiba ya darasa, kisha kuanza kumtafuta mnunuzi miche ikiwa imekwisha kukomaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mnunuzi.

Hatua ya 1: Panga siku ya kuuza, kisha hesabu kurudi nyuma

Hapa kwetu masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Miembe na michungwa ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche mwingine, iwe tayari mvua zinapoanza, kwa kuwa mnunuzi anataka mvua imsaidie kumwagilia. Nyanya ni kinyume chake: mkulima mzoefu huzikwepa mvua kubwa kwa kuogopa ukungu, hivyo huanza kuulizia miche mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi Juni.

Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Ukitaka kuuza tarehe 10 Mei, sia tarehe 5 Aprili, lakini usisie trei zote siku hiyo moja. Gawa kazi katika mafungu matatu yanayopishana kwa wiki, kwa sababu mche uliopitisha umri kwenye trei hurefuka na kulegea, mizizi yake hujiviringa, na mnunuzi mwenye macho huuacha hapo hapo. Kitunguu kihesabie wiki sita hadi nane. Mwembe wa kubebesha, tangu kusia kokwa hadi kuuza mche, uuhesabie mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo ni zao la kitalu chenye subira na bajeti isiyokatwa katikati.

Hatua ya 2: Andaa udongo, na uuchemshe

Kwa viriba, yaani mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, tunachanganya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Kwa trei, mchanganyiko huu ni mzito mno; tumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mboji iliyochekechwa.

Udongo usiochemshwa huleta kinyausi, yaani ule ugonjwa unaokata miche midogo usawa wa ardhi ikalala kama iliyokanyagwa. Weka chekeche juu ya maji ndani ya pipa, jaza udongo wenye unyevu kidogo, funika, kisha washa moto. Udongo wa katikati ukifika nyuzi joto 82, uache kwa dakika 30, halafu uache upoe kabisa kabla ya kuutumia. Hatua hii wanafunzi huiona kuwa ya kuchosha, nami huwa siipunguzi hata kwa trei moja.

Hatua ya 3: Sia, na andika lebo kwa penseli

Nunua mbegu zilizothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kisha zijaribu mwenyewe: funga mbegu 100 katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku kumi hesabu zilizoota. Idadi utakayopata itakuhusu tena utakapofika kwenye bei.

Lebo iandikwe aina ya zao, jina la mbegu, tarehe na jina la aliyesia, kwa penseli na si kwa kalamu ya wino. Msimu mmoja wino ulioshwa na maji ya kumwagilia, trei za hoho zikachanganyika na za pilipili kali, na kwa umri ule hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Miezi mitatu baadaye alirudi mama mmoja na mfuko wa pilipili mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hebu tafuna hoho yako." Tulimrudishia fedha zake, na tangu siku hiyo penseli hufungwa kwa kamba kwenye meza ya kusia.

Hatua ya 4: Joto, maji na wadudu

Katika joto la Morogoro, kitalu kilichozibwa pande zote kwa nailoni huwa tanuri ifikapo saa sita mchana. Pande ziwe za neti ya kuzuia wadudu, nailoni ibaki juu tu, na kivuli kiongezwe miezi ya jua kali. Mwagilia asubuhi, ili majani yakauke kabla ya jioni. Ili kujua kama trei ina kiu, iinue: iliyokauka huwa nyepesi, na mkono huzoea tofauti hiyo ndani ya wiki moja.

Ning'iniza mitego ya njano yenye gundi ili uwaone inzi weupe mapema. Dawa ikilazimu, iwe iliyosajiliwa, na mlango ufungwe kwa muda ulioandikwa kwenye lebo yake, hata kama kuna kipindi cha vitendo.

Hatua ya 5: Komaza miche kabla ya kuiuza

Siku saba hadi kumi za mwisho, itoe nje taratibu, kwanza asubuhi tu na hatimaye kutwa nzima, huku ukipunguza maji bila kuiacha inyauke.

Hatua ya 6: Bei na malipo

Trei kumi za matundu 128 zina matundu 1,280. Mbegu zikiota kwa asilimia 85, utapata miche 1,088, na ukiondoa asilimia 10 iliyodumaa, inayobaki ya kuuza ni takriban 980. Gharama zote, pamoja na posho za wanafunzi na maji, zigawanye kwa 980 na si kwa 1,280. Vitalu vingi vya vyuo huuza kwa hasara bila kujua kwa sababu ya kosa hili moja.

Katika chuo cha umma, fedha hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Omba namba hiyo itolewe hapo hapo kitaluni, mnunuzi alipe kwa simu, kwani ukimtuma aende kwa mhasibu upande wa pili wa chuo, wengi hawarudi.

Hatua ya 7: Likizo ndefu

Kuanzia Julai wanafunzi huondoka na miche hubaki. Kabla hawajaondoka, andika zamu za wafanyakazi wawili wa kudumu, ufunguo mmoja uachwe kwa mlinzi, na trei zozote zisizo na mnunuzi ziuzwe kwa bei ya kutupa wiki ya mwisho ya muhula.