Jinsi ya kuomba feloshipu ya ualimu wa tiba ukiwa daktari wa familia Kanda ya Ziwa

Daktari mwenzangu unayetaka kufundisha, anza na barua ya mwajiri. Fomu ya mtandaoni utaijaza jioni moja, na vyeti unavyo kabatini. Barua ndiyo itakayoamua kama unaingia mwaka huu au unasubiri tangazo la mwakani, kama ilivyonipata mimi. Naandika haya ili daktari mwingine wa Sengerema, Ukerewe au Magu asipoteze mwaka kwa jambo linaloweza kupangwa mapema.

Kwanza ujue unaomba nini. Zipo feloshipu, yaani mafunzo ya ziada kwa mtaalamu, za kwenda kukaa nje ya nchi mwaka mzima au zaidi, kama zilivyo nyingi za Marekani kwa madaktari wa familia waliomaliza ubingwa. Hizo soma vizuri kama zina sehemu ya kuona wagonjwa. Zikiwa nayo, utatakiwa cheti cha ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha madaktari waliosomea nje, na leseni ya jimbo husika, maana yake mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani, kwanza, na huo ni mlima mwingine kabisa. Aina ya pili inakuacha kazini kwako: mnakutana ana kwa ana kwa siku chache, mnaendelea kwa mtandao, na wakati huohuo unaendesha mradi wa kuboresha ufundishaji mahali pako pa kazi. FAIMER, taasisi ya Marekani ya kuendeleza walimu wa tiba, iliyoanza kuchukua mafelo (washiriki wa feloshipu) Philadelphia mwaka 2001, ilijengwa kwa mtindo huu wa miaka miwili, na tawi lake la Afrika kusini mwa Sahara, SAFRI, likaanza mwaka 2008. Mimi nashauri hii ya pili. Madaktari wa familia nchini bado ni wachache. Aga Khan pale Dar es Salaam walianza kufundisha ubingwa huu mwaka 2004 tu. Hospitali ya wilaya ikimkosa daktari huyo mwaka mzima, wagonjwa ndio wanaoumia.

Hakikisha pia una kazi ya kufundisha inayoonekana kwenye karatasi. Wengi wetu tunafundisha madaktari watarajali, wanafunzi wa CUHAS, chuo kikuu cha tiba cha Bugando, wanaokuja kwa vitendo na wale wa vyuo vya matabibu, lakini hatuna hata barua moja ya kuthibitisha. Nenda kwenye idara husika chuoni uombe uhadhiri wa heshima, au angalau barua inayosema unafundisha nani na tangu lini. Na usijidanganye kwamba cheti cha felo ni shahada. Chenyewe hakikupandishi cheo. Omba kwa sababu unataka kufundisha vizuri zaidi.

Sasa barua yenyewe.

Mtumishi wa halmashauri anaandika kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mganga Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya. Kila ngazi inaandika maoni yake, na kila ngazi faili lina mahali pa kulala. Ya kwangu ilipokelewa vizuri katika ofisi moja, ikagongwa mhuri, ikaingia kwenye faili, na faili likakaa chini ya mengine likimsubiri mkuu aliyekuwa kwenye vikao Dodoma. Iliporudi ilikuwa na sentensi moja tu: ofisi haina pingamizi na maombi ya mtumishi huyu. Waendeshaji wa feloshipu wakaikataa. Walitaka taasisi iahidi kunipa muda, na barua yangu haikuahidi chochote. Kurudi kuanza upya, dirisha la maombi likafungwa.

Iliniuma sana, lakini kwenye hilo la kuikataa naona walikuwa sahihi. Felo asiye na muda aliotengewa hamalizi mradi. Anaitwa chumba cha upasuaji katikati ya kipindi cha mtandaoni, na wanafunzi aliowaahidi somo wanabaki wamekaa.

Kwa hiyo andika rasimu ya barua ya taasisi wewe mwenyewe, uiambatishe kwenye maombi yako. Wakubwa wengi watashukuru kuikuta imeandikwa. Maneno yawe ya namna hii: "Ofisi itamruhusu Dkt. (jina) kuhudhuria vipindi vyote vya ana kwa ana katika tarehe zilizotajwa, akihesabiwa yuko kazini. Atatengewa siku moja kila wiki kwa ajili ya mradi. Zamu zake za siku hizo zitashikwa na Dkt. (jina). Ofisi itamwezesha kufundisha watarajali na wanafunzi hospitalini kwa miaka yote miwili." Huyo daktari wa kukushikia zamu zungumza naye kabla, na mkubaliane utakavyomrudishia kwa kushika zamu zake. Mganga Mfawidhi akiona jina lililokwisha kukubali, swali lake kubwa limejibiwa.

Kabla barua haijaondoka, pita kwa afisa utumishi uulize kama umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka. Kama haumo, omba uingizwe, kwa sababu maombi ya mtu asiyekuwemo yana njia rahisi ya kukataliwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukitaka halmashauri ichangie nauli ya mwezi wa tatu, fungu hilo lilitakiwa kuombwa wakati bajeti inaandaliwa, miezi mingi kabla. Soma kwenye tangazo nani analipa ada, nauli, malazi na bima, kimoja kimoja.

Halafu ifuate barua kwa miguu. Mama mmoja wa masijala alinifundisha kitu ambacho nakupa bure: usiulize "barua yangu imefika wapi". Uliza kwa namba ya faili na folio, yaani namba ya barua yako ndani ya faili. Ukimtajia folio anafungua daftari la kutolea mafaili, anaweka kidole kwenye mstari, anakuambia liko kwa nani na lilitoka lini. Ukikuta mkuu amesafiri, uliza nani anakaimu. Anayekaimu ana mamlaka ya kusaini. Hawa watu wa masijala wabebe kwa heshima. Wanajua njia za jengo zima, na wakijua una tarehe ya mwisho watakusaidia.

Kibali cha kusafiri nje ya nchi ni maombi mengine, usiyachanganye na haya. Kianze mara tu tarehe za kikao zinapotangazwa.

Linalofuata kwa uzito ni andiko la mradi. Waombaji wengi huandika mambo makubwa: kubadilisha mtaala mzima, au kuanzisha OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo hadi kituo ulioanzishwa Dundee na Ronald Harden miaka ya 1970, katika hospitali isiyo na vyumba vya kutosha hata vya kliniki. Chukua tatizo dogo la wodini kwako. Huku ziwani kijana analetwa akitapika damu, bandama limevimba. Mtarajali anamuuliza kazi, anajibu mkulima, na kwenye faili inaandikwa mkulima. Hakuna aliyemuuliza kama usiku anavua dagaa, au anaoga na kuchota maji wapi, na kichocho cha tumbo, ugonjwa unaotokana na maji ya ziwa, kinachelewa kufikiriwa. Hapo pana mradi kamili. Pitia mafaili ya miezi mitatu, hesabu mangapi yameandika habari ya maji ya ziwa, fundisha kando ya kitanda miezi mitatu, hesabu tena. Wasomaji wa maombi wataelewa unafundisha nani, nini, na utajuaje kama kimeingia.

Kwa kuwa utagusa mafaili ya wagonjwa na utapima wanafunzi, utahitaji kibali cha maadili ya utafiti. Kamati zipo hapahapa Mwanza, ya CUHAS na Bugando na ile iliyo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Andaa itifaki mapema, usisubiri ukubaliwe.

Mengine yanaenda haraka. Jina lako lilingane kwenye pasipoti, NIDA na vyeti vya chuo. Likitofautiana, hati ya kiapo kwa wakili. Leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika iwe hai, na cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma kiombe mapema kama kinatakiwa. Wadhamini wako wawe watu waliokuona ukifundisha. Profesa mwenye jina kubwa asiyekujua ataandika barua nyepesi. Wapigie simu siku wanapotumiwa kiungo cha kuwasilisha barua zao, maana barua pepe hizo hupenda kuangukia kwenye taka.

Angalia saa ya kufunga dirisha. Saa sita usiku ya Philadelphia huku ni saa moja au saa mbili asubuhi ya siku inayofuata, kutegemea msimu wao. Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa usaili wa mtandaoni, tafuta mahali penye jenereta na uwe na bando kwenye laini ya pili.

Ukikubaliwa, siku hiyohiyo peleka nakala ya barua kwa afisa utumishi na kwa Mganga Mfawidhi, na umpe anayepanga zamu tarehe zote za vikao vya mwaka wa kwanza. Mwombe aziandike kwenye ratiba mbele yako, jina la atakayekushikia likiwa pembeni.