Umeme Ukikatika Majira ya Baridi: Kuchagua Jenereta na Nishati ya Kupasha Nyumba Joto Njombe na Makete

Katika nyanda za juu za Njombe na Makete, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ambayo kukatika kwa umeme huuma zaidi, kwa kuwa usiku baridi hushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, na katika uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, si ajabu kukuta sakitu imetanda juu ya nyasi alfajiri. Familia nyingi zinapoamua kujiandaa huanza kwa kununua jenereta, kisha hita ya umeme, zikiamini kwamba chombo kimoja kitaondoa giza na baridi kwa pamoja. Mwongozo huu unashauri mambo hayo mawili yatenganishwe tangu mwanzo: jenereta ifanye zile kazi ambazo haziwezekani bila umeme, na joto litafutwe kwa nishati inayochomwa moja kwa moja ndani ya jiko lenye bomba la kutolea moshi nje.

Sababu yake ni hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9 za umeme, lakini injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa kupata moto na kutoa moshi, hata kinachofika kwenye soketi huwa kama uniti moja na nusu tu. Hita ya wati 2,000 itaila kwa dakika 45. Joto hilohilo lingepatikana kwa gramu 120 hivi za gesi ya mitungi, au kwa zaidi kidogo ya nusu kilo ya kuni kavu katika jiko zuri.

Kupima mzigo kabla ya kwenda dukani

Andika kila kifaa kitakachowaka wakati mmoja pamoja na wati zake. Tuchukue nyumba yenye taa tano za wati 9, friji ya wati 150, televisheni na chaji za simu zinazofika wati 105, na pampu ya kisima ya wati 750. Jumla ni wati 1,050, na wengi huishia hapo. Kumbe vifaa vyenye mota, yaani friji na pampu, huvuta umeme mara kadhaa zaidi katika sekunde ya kuwaka kuliko vinapokuwa vimeshika mwendo. Pampu hiyo inaweza kuhitaji wati 2,250 ili iondoke tu. Kwa hiyo chukua jumla ya mzigo wote, kisha ongeza ziada ya kuwasha ya mota iliyo kubwa kuliko zote. Hapa ziada hiyo ni wati 1,500, na jumla inafika wati 2,550.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawana sababu ya kulitaja, nalo ni mwinuko. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na injini hupungukiwa nguvu, takribani asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Njombe mjini ni karibu mita 2,000, hivyo jenereta iliyoandikwa wati 3,000 itatoa kama wati 2,300 tu. Itawasha taa na friji bila shida, lakini pampu ikijaribu kuwaka juu ya mzigo huo, injini itakoroma na taa zitafifia. Unaweza kununua jenereta kubwa zaidi, ingawa mimi napendelea njia ya gharama nafuu: pampu iwe na saa yake. Iwashe ya kwanza, peke yake, jaza tanki, izime, ndipo uchomeke friji na vingine. Angalia pia kwamba wati unazopigia hesabu ni zile za kudumu na si zile za juu kabisa, ambazo mara nyingi ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Injini ikitoa moshi mweusi na plagi ikishika masizi, ni dalili kwamba kabureta inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi anaweza kuweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi inayofaa mwinuko huo.

Jenereta ya kawaida ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde (Hz 50) huzunguka mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba pampu au taa moja, na ndiyo maana kuikesha ikinguruma kwa ajili ya balbu mbili ni kuchoma fedha. Iwashe kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni. Friji isiyofunguliwafunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takribani saa nne, na katika baridi ya Makete zaidi ya hapo. Muda huohuo uchaji betri, nayo ibebe taa na simu usiku kucha. Jenereta za inveta hupunguza mwendo mzigo unapokuwa mdogo, na umeme wake ni salama zaidi kwa kompyuta, ila bei yake iko juu.

Kuiunganisha na kuitunza

Usichomeke kamwe waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili umeme usambae nyumba nzima. Umeme huo hurudi hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha hadi volti 11,000 au 33,000, na fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo, akijua kwamba njia imezimwa, anaweza kufa. Funga swichi ya chenjiova, inayokata kwanza njia ya TANESCO kabla ya kuunganisha jenereta, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA pamoja na waya wa ethi. Asiyeweza gharama hiyo achomeke vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya wa kurefushia wenye unene wa milimita za mraba 2.5, aliouzongoa wote.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na milango na madirisha, chini ya paa dogo lisilo na kuta. Baraza, stoo na jiko la nje lililoungana na nyumba havifai, hata mvua ikinyesha. Kabla ya kujaza petroli, izime na uiache ipoe. Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila miezi sita. Iwashe mara moja kwa mwezi kwa nusu saa ikiwa imebeba mzigo, na unapomaliza funga koki ya petroli ili injini inywe iliyobaki kwenye kabureta na kuzimika yenyewe. Petroli inayolala humo huacha utando unaoziba jeti, na hilo ndilo huifanya jenereta igome kuwaka siku inayohitajika.

Joto

Hapa ndipo maisha ya watu yanapopotea, na ninaomba msomaji asipite haraka. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku huua, na huua hasa pale ambapo watu hulidhania limekuwa salama: mkaa ukiwa umeiva, mwekundu, bila moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haionekani na haina harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu huishiwa pumzi huku akipumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, ambazo ni rahisi kuzidhania malaria. Watu kadhaa wa nyumba moja wakizipata kwa pamoja usiku wa baridi, usisubiri kupima malaria kwanza. Watoe wote nje mara moja, wapeleke hospitali, na umweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni. Mkaa mbadala wa vumbi la mkaa au wa makaa ya mawe nao hutoa gesi hiyohiyo. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumlinda aliyelala.

Kwa maeneo haya, kuni ndizo chaguo bora, mradi zichomwe katika jiko la chuma au la matofali lenye mlango na bomba linalopita juu ya kipeo cha paa. Mahali linapopenya dari, bomba lizungushiwe bati na mbao zikae mbali nalo. Miwati ya Njombe huwaka kwa moto mkali na wa muda mrefu. Mikaratusi nayo ni mizuri ikikauka vizuri. Misindano inapatikana kwa wingi, lakini utomvu wake huongeza masizi, kwa hiyo bomba lisafishwe mara nyingi zaidi. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa nusu yake ni maji, na moto hutumia nguvu kuyachemsha kabla ya kukupa joto lolote. Pasua kuni mwishoni mwa mwaka, zipange chini ya paa lenye pande wazi, na kufikia Juni zitakuwa tayari: ncha zitaonyesha nyufa, na vipande viwili vikigonganishwa vitalia kwa mlio mkavu badala ya kudunda.

Gesi ya mitungi ni ya msaada, hasa kwa kupasha chumba saa moja kabla ya kulala, dirisha likiwa wazi kidogo na hita ikizimwa kabla ya usingizi. Asubuhi ya sakitu moto wake unaweza kuwa dhaifu, kwa kuwa butani, moja ya gesi zilizomo mtungini, haigeuki kuwa mvuke ubaridi ukifika nyuzi sifuri. Usiupashe mtungi moto kwa jiko wala kwa maji yanayochemka. Gesi ikivuja hushuka sakafuni, hivyo fungua mlango na usiguse swichi yoyote.

Wafugaji wa kuku wana tatizo lao, kwani vifaranga vya wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 usiku kucha. Balbu za joto zitaiendesha jenereta hadi asubuhi; jiko lenye bomba linalotoka nje ya banda lina gharama ndogo zaidi, na mlezi wa vifaranga naye hapati madhara ya mkaa anapoingia kuviangalia.

Kwa mwenye fedha za kununua kimoja tu mwaka huu, ningemshauri aanze na jiko lenye bomba, mwakani betri na taa, na jenereta ije mwisho, isipokuwa kama maji ya nyumba yanategemea pampu.