Somo: Tapeti, pointi, taimingi, kabureta ngoja mwisho (Volkswagen Beetle za injini 1300, 1500 na 1600)

Beetle ikianza kukohoa, mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta. Iko juu, inaonekana, skrubu zake zinafikika bila kulala chini, na ukizizungusha mlio unabadilika papo hapo, basi mtu anajiona amepata dawa. Kumbe kabureta haikuwa na kosa. Vinavyohama kadiri gari linavyotembea ni nafasi za valvu (zinazorekebishwa kwenye tapeti) na pointi za distributa (viguso vinavyokata umeme ili cheche itoke). Ukiivuruga kabureta ili kuficha upungufu wao, unabaki na makosa mawili, na la pili ni la kujitakia.

Ndiyo maana mpangilio wa somo hili haurukwi. Tapeti huamua valvu ifunguke lini na kwa kiasi gani. Pointi zikiguswa, taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inahama yenyewe. Na kabureta haiwezi kupimwa kwenye injini ambayo mambo hayo hayajakaa sawa. Injini ya aina hii, ikiwa bado ya 1200 na nguvu zisizozidi farasi 40, ilishinda mbio za magari za Safari za mwaka 1954 mikononi mwa Vic Preston na D.P. Marwaha, ikarudia mwaka 1962 kwa Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kabureta mbili na ekzosti ya kunguruma, hakikisha kwanza unazipata zile nguvu za kiwandani.

Vifaa: spana namba 13 na 21, bisibisi bapa mbili, fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), balbu ndogo yenye waya mbili (ya volti sawa na betri yako), tochi, chaki au rangi nyeupe, matambara, na gasketi mbili mpya za vifuniko vya tapeti. Ukipata taa ya taimingi ya kuazima, vizuri zaidi.

HATUA YA 1: Injini iwe baridi
Baridi maana yake gari limelala usiku kucha. Tapeti zikipimwa na moto, vipimo vyote hapa chini havina kazi. Toa gia, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe. Ukiinua gari, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini.

HATUA YA 2: Tapeti
Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Zijue silinda kwanza. Namba 1 na 2 ziko upande wa kulia wa gari, 3 na 4 kushoto. Namba 1 na 3 ndizo zilizo karibu na kiti cha nyuma. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, 1 na 2 ziko upande wa dereva. Nasisitiza kwa sababu video nyingi ni za magari ya usukani wa kushoto, na wakisema "upande wa dereva" wanamaanisha 3 na 4.

Fungua kifuniko cha distributa. Kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dainamo, zungusha injini taratibu mpaka ncha ya rota (kile kipande kinachozunguka ndani yake) ielekee kwenye alama ndogo iliyochongwa ukingoni mwa distributa. Hiyo ni silinda namba 1, valvu zake zote mbili zimefungwa. Weka alama ya chaki kwenye puli kubwa ya chini, kisha alama nyingine upande wake wa pili, nusu mzunguko kamili.

Sukuma waya wa kifuniko cha tapeti uende chini, kifuniko kitoke. Utaona valvu nne. Mbili za pembeni ni za kutolea moshi, mbili za katikati ni za kuingizia. Kwa injini nyingi za ukubwa huu nafasi ni milimita 0.15 kwa zote, lakini kama kuna karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kwenye bati la feni, fuata hiyo. Fila ipite kati ya skrubu na valvu kwa kukwaruza kidogo: isicheze, isilazimishwe. Legeza nati kwa spana ya 13, rekebisha kwa bisibisi, kaza nati huku umeishika skrubu, halafu pima tena, maana nati ikikazwa huvuta skrubu kidogo.

Ukimaliza namba 1, zungusha puli kinyume na saa nusu mzunguko, ufanye namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4.

Andika kila kipimo ulichokikuta KABLA hujarekebisha. Hili watu hawalifanyi, na ndilo lenye faida kuliko yote. Tapeti iliyolegea hupiga kelele, inakera, lakini haiui injini leo. Iliyobana iko kimya. Valvu ya moshi hupoa inapokaa kwenye kiti chake. Ikikosa nafasi ya kufunga kabisa, joto halina pa kwenda, inaungua au kichwa chake kinakatika na kuangukia pistoni. Ukikuta valvu fulani ya moshi imebana, ukairekebisha, na safari inayofuata ukaikuta imebana tena, valvu hiyo inarefuka au kiti chake kinazama. Usiendelee kuirekebisha. Toa silinda hedi.

Mara nyingi itakuwa ya silinda namba 3. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipozeo cha oili kimesimama ndani ya bati la feni, kwenye njia ya hewa ya upande wa kushoto, hivyo namba 3 inapata hewa iliyokwisha pashwa moto. Nyingi za kuanzia mwaka huo zilihamishiwa kipozeo nyuma kidogo, kikapewa njia yake ya hewa.

Rudisha vifuniko na gasketi mpya. Gundi kidogo upande wa kifuniko tu. Upande wa injini uwe mkavu.

HATUA YA 3: Pointi
Zungusha injini mpaka pointi ziwe zimefunguka kabisa, yaani kile kidole cha plastiki kimepanda juu ya kona ya ekseli ya distributa. Nafasi ni milimita 0.4. Futa fila kwanza, kwa sababu oili kwenye pointi huungua na kuacha weusi unaozuia umeme. Kama nyuso zimechimbika, nunua mpya. Paka grisi chembe tu kwenye kona za ekseli.

Kisha pima kwenye kona zote nne. Nafasi zikitofautiana sana, ekseli ya distributa inacheza, na hakuna fundi atakayekupa taimingi inayotulia mpaka bushi zibadilishwe.

HATUA YA 4: Taimingi
Alama za puli hutofautiana kwa mwaka na aina ya distributa, nyingine zimewekwa hata baada ya pistoni kufika juu, kwa hiyo jua yako ni ipi. Nitaeleza ya Bosch 009, ambayo imeenea kwenye magari yaliyofanyiwa marekebisho.

Unganisha balbu: waya mmoja kwenye koili namba 1 (ule unaokwenda kwenye distributa), mwingine kwenye bodi. Weka puli kwenye digrii 7.5 kabla ya pistoni ya namba 1 kufika juu, rota ikielekea alama yake. Washa swichi bila kupiga stata. Legeza kishikio cha distributa, izungushe kwa mwendo wa saa mpaka balbu izime, halafu irudishe polepole kinyume na saa. Pale balbu inapowaka tu, simama, kaza. Zima swichi upesi, koili isichemke.

Rota inakwenda na saa, kwa hiyo kuizungusha distributa kinyume na saa ni kuwahisha cheche, na kwa mwendo wa saa ni kuichelewesha.

Mwenye taa ya taimingi awashe injini, aipandishe hadi zaidi ya mizunguko 3,000 na kusoma: iwe kati ya digrii 28 na 32. Ikizidi hapo, punguza, hata kama gari limesimama linanguruma vizuri. Kinachoyeyusha pistoni ni taimingi ya mwendo kasi.

HATUA YA 5: Kabureta
Sasa ndiyo. Tembea dakika kumi na tano ili choki (kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi) ifunguke kabisa. Kwenye Solex 34 PICT-3 kuna skrubu mbili kando: kubwa ya mwendo wa injini, ndogo ya mchanganyiko. Ile skrubu ya kwenye mkono wa kebo ya mafuta iache ilivyo. Anza na ndogo ikiwa imefunguliwa mizunguko miwili na nusu, tafuta mlio ulio juu na laini zaidi, kisha tumia kubwa kushusha hadi mizunguko 850 hivi. Ukikuta huhitaji kugusa chochote, usishangae.

Ukiwa hapo, kagua mipira ya petroli. Iliyopasuka itupe, weka mipya yenye klipu, na chujio lisikae juu ya injini. Petroli ikidondokea injini ya moto gari linateketea, na kreki kesi (kasha la injini) yenyewe ni ya magnesiamu: ikishika moto, maji huuchochea. Beba kizima moto cha unga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nairobi): Fundi, tunashuka Mombasa na wenzangu. Injini imerekebishwa huku juu. Nibadilishe kitu?
Jibu: Inategemea ulichofanyiwa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ya kawaida huku inatoa petroli nyingi kidogo. Wengine huweka jeti ndogo ili kuokoa mafuta. Ukishuka nayo pwani hewa inakuwa nzito, petroli inapungukia, silinda zinachemka. Rudisha jeti ya kawaida kabla ya kuondoka. Na kama taimingi iliwahishwa ili gari lipate nguvu mlimani, irudishe ndani ya 32. Oili lita 2.5 tu ndiyo inayokaa humo, basi pima kila unapojaza tangi.

Swali (Moshi): Shikamoo mzee. Nimeseti 0.15 kama ulivyosema, bado zinalia kidogo. Fundi wangu ananiambia nibane mpaka zinyamaze.
Jibu: Marahaba. Usibane, mwanangu. Injini hii haina maji ya kumeza sauti, na kelele kidogo ya tapeti ni ya kawaida. Kama moja inalia kuliko wenzake, angalia ncha ya skrubu yake. Ikiwa imelika na kufanya shimo, fila hupita juu ya shimo na kukudanganya. Badilisha skrubu.

Swali (Tanga): Nataka kuivua Beetle yangu iwe kama zile hot rod za Marekani: madigadi yatoke, boneti ya nyuma itoke, na mabati yote yaliyoizunguka injini yatoke ionekane vizuri. Kuna ubaya?
Jibu: Madigadi na boneti, hiari yako, jiandae tu na matope na maswali ya trafiki. Mabati, hapana. Hayo ndiyo rejeta ya gari hili. Yanaielekeza hewa ya feni ipite kwenye mapezi ya silinda, na pamoja na ule mpira wa pembeni yanazuia hewa moto ya chini isirudi juu kuvutwa tena na feni. Waliotengeneza hot rod za Beetle kule California na gari likadumu, mabati waliyapaka rangi au kromu, hawakuyatupa. Ukiyavua, namba 3 itakuwa ya kwanza kukuaga.

Swali (Kampala): Nina 009 na 34 PICT-3. Nikikanyaga mafuta ghafla gari linasita, halafu linachomoka.
Jibu: Ndoa hiyo ina ugomvi wa siku nyingi. 009 huwahisha cheche kwa mwendo wa injini tu, haina kopo la kuhisi mvuto wa hewa wa kabureta. Hakikisha pampu ndogo ya kabureta inarusha petroli unapokanyaga, na choki haijakwama. Ikiendelea, tafuta distributa yenye kopo. Siyo ushamba, na barabarani ni tamu zaidi.

Swali (Zanzibar): Petroli ya siku hizi haina risasi. Valvu hazitaharibika?
Jibu: Hapana dada. Silinda hedi ni za alumini, viti vya valvu ni pete za chuma kigumu. Kinachoziharibu ni joto na tapeti zilizobana.

Swali (Dodoma): Niweke moduli ya elektroniki badala ya pointi?
Jibu: Weka, utapumzika na hatua ya 3. Ila pointi na kondensa za zamani ziseti tayari, uzifunge kwenye mfuko na kuzitia ndani ya gari. Pointi hukupa dalili kabla ya kufa. Moduli inakata tu, na dukani njiani haipo.

Swali (Voi): Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani naweza kufika gereji?
Jibu: Zima kwanza, ushuke utazame. Mkanda mmoja unazungusha dainamo na feni. Ukiwa umekatika, huendi popote hata kilomita moja. Funga wa akiba kwa ile spana ya 21, na ukiubonyeza kwa kidole gumba ubonyee kama sentimita moja na nusu. Kama mkanda upo na umekaza, basi ni brashi za dainamo au regyuleta: feni inafanya kazi, kwa hiyo mchana unaweza kuendelea kwa chaji iliyomo kwenye betri. Zima redio, usiwashe taa, na usizime injini mpaka ufike.