Famasi za Ujerumani: mambo ya kujua kabla hujaugua

Famasi Ujerumani huitwa Apotheke, na alama yake ni herufi A kubwa nyekundu. Usiichanganye na maduka ya dm au Rossmann, yanayouza vipodozi na vitu vya nyumbani. Huko utapata sabuni, vitamini na plasta, lakini dawa ya kutuliza maumivu, hata ibuprofen, inauzwa Apotheke tu.

Hakuna kukatiwa vidonge vinne. Unanunua pakiti nzima. Paracetamol isiyohitaji cheti cha daktari huishia gramu 10 kwa pakiti, yaani vidonge 20 vya miligramu 500. Antibayotiki bila cheti hupewi, hata ukionyesha boksi la dawa uliyokuwa ukitumia nyumbani.

Kwa wenye bima ya umma, tangu Januari 2024 cheti ni cha kielektroniki: daktari anakiandika kwenye kompyuta, wewe unachomeka kadi ya bima kwenye mashine pale kaunta. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unatoka kliniki, unaingia famasi ya jirani, mfamasia anaangalia na hakuna kitu, kwa sababu daktari bado hajasaini. Wengi husaini vyeti vyote kwa pamoja baadaye, kwa hiyo waulize mapokezi kama chako kimeshasainiwa kabla hujaondoka. Kichukulie dawa ndani ya siku 28; zikipita, bima hailipi. Mchango wako ni asilimia 10 ya bei, si chini ya euro 5 wala zaidi ya 10, na watoto hawachangii. Mwenye bima binafsi hulipa bei yote, kisha hudai kwa bima yake, kwa hiyo risiti usiitupe.

Dawa isipokuwepo usizunguke mji mzima. Waambie waagize, ukiagiza asubuhi, mara nyingi jioni imefika.

Usiku na Jumapili karibu zote hufungwa, ila ipo ya zamu. Anwani yake hubandikwa mlangoni mwa famasi yoyote, au piga 22833 kwa simu ya mkononi. Ukifika utakuta mlango umefungwa: bonyeza kengele, utahudumiwa kwenye kidirisha ukiwa nje. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna ada ya euro 2.50, na Jumapili na sikukuu inatozwa kutwa.

Na tafadhali: ukipata homa baada ya kutoka likizo Tanzania au Kenya, usiende famasi kutafuta dawa ya mseto ya malaria. Inahitaji cheti, na famasi nyingi hazina akiba yake. Nenda hospitali siku hiyohiyo, useme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana wasipojua wanaweza kudhani ni mafua.