Kuseti shokapu na gia za gari la rimoti

Kijana mmoja aliniletea gari lake la umeme, saizi ya 1/10, la kukimbiza kwenye vumbi. Kila likiruka na kutua, linavuta kulia. Alishanunua springi mpya. Tatizo lilikuwa hewa ndani ya shokapu moja.

1. Fungua shokapu zote nne, safisha, badilisha oringi (pete ndogo za mpira za kuzuia uvujaji) zilizochoka.

2. Toa hewa. Hapa usikimbilie. Shusha shafti hadi mwisho, shika shokapu wima, jaza oili hadi karibu na ukingo. Oili iwe ya silikoni. Ya injini inaweza kuvimbisha oringi. Pandisha na kushusha pistoni polepole bila kuitoa ndani ya oili, kisha acha isimame kama dakika kumi, maana viputo vidogo havina haraka. Rudia hadi viishe. Kama shokapu yako ina kiwambo cha mpira, kiweke, ingiza shafti nusu, funga kifuniko taratibu, oili ya ziada itoke yenyewe.

Sasa sukuma shafti. Ukisikia mlio wa majimaji, hewa imebaki. Ikigoma kabla ya kufika mwisho, oili imezidi. Halafu bonyeza ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, uziachie: lazima zirudi sawa. Hazirudi sawa? Anza upya, na springi usiziguse kwanza. Mimi hununua oili kwa kipimo cha cSt (kipimo cha uzito wa oili, yaani inavyotiririka) tu, kwa sababu namba za "wt", kipimo kingine kwenye chupa, hutofautiana kati ya watengenezaji. Kumbuka pia baridi huifanya iwe nzito, kwa hiyo gari la asubuhi si la mchana.

3. Weka betri, bonyeza gari chini na kuliachia mara mbili tatu, kisha zungusha kola (pete inayokaza springi kwenye shokapu) hadi shafti za magurudumu ya nyuma zilale sambamba na ardhi. Kushoto na kulia sawa.

4. Weka kipande cha karatasi kati ya pinioni (gia ndogo ya mota) na gia kubwa, sukuma mota, kaza, toa karatasi. Zungusha gia mzunguko mzima. Nyingi si duara kamili. Wanaotegemea sikio peke yake ndio wanaokula meno ya gia.

5. Gurudumu la ndani likizunguka bure kwenye kona, weka oili nzito zaidi kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili). Usijaze pomoni, itavuja ikipata joto.

6. Endesha dakika tano, pima mota. Ikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, weka pinioni yenye jino moja pungufu, na urudie karatasi.