Kuandika Maskati ya 1865 ukiwa Lamu

Riwaya yangu ina bibi-arusi wa Mkomani, mtaa wa Lamu, anayeolewa na mwana wa nahodha wa Maskati, Omani, mwaka 1865. Maskati sijafika. Nilipoanza utafiti kwa majumba na mavazi nilipoteza miezi mingi, kwa hiyo sasa nafuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anza na pepo na mwezi

Rangi ya mlango ukikosea, msomaji wa pwani atakusamehe. Upepo ukikosea, atafunga kitabu. Vyombo vya Arabuni vilikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, vikarudi kusi inapoanza, Aprili au Mei, kabla bahari haijachafuka. Basi salamu anayoipeleka mama wa Lamu kwa mwanawe mwezi wa Aprili, jibu lake halirudi mpaka kaskazi nyingine. Kimya hicho cha miezi minane ndicho kinachoendesha kisa changu, na sikukibuni mimi.

Kisha geuza tarehe ziwe za Hijria. Katika rasimu yangu ya kwanza watu walikuwa wakifuturu Maskati katika joto la Julai, sura nzima. Nikaja kugundua kwamba Ramadhani ya 1281, mwaka wangu, ilianza mwishoni mwa Januari 1865. Sura nikaifuta, na nikapata iliyo bora: Ramadhani iliangukia kaskazi, vyombo vikiwa vimetia nanga Lamu, wageni wanafuturu pamoja na wenyeji. Ndoa ikafungwa baada ya Idi, muda ukiwa bado upo kabla ya kutweka. Programu za kugeuza kalenda zipo bure kwenye intaneti. Acha nafasi ya siku moja au mbili, maana mwezi ulitazamwa kwa macho.

Hatua ya 2: Jua ni nani aliyetawala

Hapa usikae sana. Sayyid Said, aliyetawala Maskati na Unguja pamoja, alifariki 1856, na 1861 Maskati na Unguja zikatenganishwa rasmi. Mwaka wangu Thuwaini alikuwa Maskati na nduguye Majid Unguja, Lamu ikiwa chini ya Majid. Unguja ilitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Katika riwaya yote hayo yamebaki neno moja tu: mama mkwe akikasirika humwita mkewe mwana "mtu wa Majid".

Hatua ya 3: Soma wasafiri, kisha waulize wazee

Wellsted, afisa wa Kiingereza, alizunguka Omani 1835 na 1836. Maktaba ya Kidijitali ya Qatar nayo imeweka wazi nyaraka nyingi za Waingereza kuhusu Ghuba, unazisoma hata kwa simu. Chukua kwao bei, mizigo, joto. Hukumu zao juu ya watu ziache. Tena wanaume wale hawakuingia ndani kwa wanawake, na mapenzi ninayoandika yako ndani.

Ya ndani yaulize kwa wenye jamaa Omani, Lamu hawakosekani. Usiulize "Maskati ilikuwaje?" Utajibiwa "nzuri". Uliza: usiku wa joto mkilala wapi? Bibi mmoja wa Langoni, mtaa mwingine wa Lamu, alinijibu papo hapo: juu, darini, na shuka mwaichovya maji kwanza. Swali moja dogo likanipa sura ya sita.

Hatua ya 4: Tafuta kitu kilichovuka bahari pamoja na watu wako

Kwangu mimi kitu hicho ni boriti. Ghuba ina uhaba wa miti ya kupaulia, kwa hiyo nyumba nyingi za huko zilipauliwa kwa mikoko ya pwani yetu, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Nilikwenda kukaa gatini wakipakua boriti, nikabandua gome kwa kucha. Vidole vikabaki na wekundu mpaka jioni. Sasa bibi-arusi wangu, usiku wake wa kwanza ugenini, anainua macho. Chumba ni chembamba kama cha kwao. Anazihesabu boriti moja moja, na anaijua miti ile kuliko anavyomjua mume aliyelala ubavuni mwake. Sura hiyo sikuigusa tena.

Hatua ya 5: Ondoa yasiyokuwapo, rudisha uliyoyaficha

Leso zenye majina hazikuwapo 1865, kwa hiyo mhusika wako asipeleke fumbo kwa leso, hata kama fumbo ni tamu. Tarehe iliyo kwenye reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya wakati huo, nayo isikudanganye, iliendelea kupigwa chapa ya 1780 miaka na miaka.

Kisha jiulize kila sahani imebebwa na nani. Watumwa walikuwapo Lamu na walikuwapo Maskati. Katika rasimu yangu maji ya kuoga bibi-arusi yalijileta yenyewe kurasa 200. Nilirudi nikamwandika aliyeyachota, msichana aliyepakiwa chomboni pamoja na masanduku ya harusi bila kuulizwa. Naye aliziacha boriti za Lamu nyuma. Sura ya nane ni yake, na anaisema kwa kinywa chake mwenyewe.